Kamati ya amani usiianzie hotelini

Kiangazi kikikaza huku Witu, Lamu, vijana huanza kuniuliza wataka kuunda grupu la amani waanzie wapi, na tayari kuna mtu kashawaambia waandike proposali, watafute mfadhili, wafanye semina hotelini. Jamani, semina baadaye. Mimi nimekaa kwenye hizi kamati nikapigwa na jua, niwaambie nilichoona.

Anza na kitu ambacho pande zote mbili hawawezi kuishi bila yake. Wajir, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1993 koo zilikuwa zauana, na kina mama, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni: mama wa ukoo wowote auze na anunue asiguswe, na wakaweka watu wa kuangalia kama kweli yafuatwa. Ndo baadaye wakawaendea wazee na vijana, na mwaka huohuo wazee wakakubaliana Azimio la Al Fatah, la kuacha vita. Huku kwetu soko letu ni maji. Tana Delta 2012 Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji walipouana watu wakafa zaidi ya mia, siasa ilikuwamo sikatai, lakini malka ilikuwamo pia, ile njia ya mifugo kushukia mtoni, ukiilima umefunga mdomo wa ng'ombe na mwenye shamba naye asema hapa ni pa babu yangu. Basi kikao cha kwanza kiwe cha njia ya ng'ombe tu: yapita wapi, miezi gani, ng'ombe akila mahindi nani aitwe kukadiria hasara kabla panga halijatoka ndani.

Watu wa kamati usiokote wazee peke yao. Chukua mama wa Kiorma anayeleta maziwa na yule anayeyanunua kila asubuhi, hao washajuana hata deni. Chukua mtu wa boda, yeye ndo ajua nani kapita usiku. Na mchungaji mwenyewe, si mwenye ng'ombe aliyekaa mjini. Chifu mpe habari mapema ila asiwe mwenyekiti, watu watafunga midomo. Kaeni mkekani mmechanganyika, kahawa chungu na tende zatosha. Posho ukiianza siku ya kwanza, siku itakapokosekana utabaki wewe na birika.

Sasa uvumi, hapa ndipo penye kazi. Kila mwanakamati awe na namba ya mtu mmoja wa upande wa pili, mtu wa kumpigia hata saa nane usiku. Ikija voisi ya WhatsApp usiisambaze hata kwa kuuliza "ni kweli hii?", maana hapo ushaisambaza. Muulize aliyetuma: umeona kwa macho yako? Saa ngapi? Mnyama wa nani, rangi gani? Usiku mmoja niliteremshiwa voisi, mtu ahema, mbuzi kumi na mbili wamechukuliwa na vijana wa upande ule na watu washaanza kukusanyika. Nikampigia mama wangu wa upande wa pili, akacheka, "Mwanangu, wako hapa nyuma ya choo changu, wanilia mchicha wote, njooni muwatoe." Tukaenda watu wanne na tochi, na mchicha tukaulipa palepale, hilo msilisahau.

Bunduki za msituni ni jambo jingine. Mpeketoni, hapa hapa Lamu, Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60, Al-Shabaab wakajitangaza, na sisi tuliobaki tukaanza kutazamana kwa dini na kabila. Kisha ikaja kafyu, wavuvi wakawa hawaendi baharini usiku, na mvuvi wa usiku mchana atavua nini? Kamati ya kijiji haiendi kujadiliana na watu wa msituni, usijaribu, utazikwa. Kazi yenu ni kwenda maziko ya pande zote, imamu na pasta wakiandamana, kuwapelekea wakubwa wa usalama shida za wavuvi, na kufuatilia aliyekamatwa yuko kituo gani. Weka daftari: tarehe, mahali, nani kachukuliwa, nani alikuwepo kumchukua, na nakala ikae nyumba nyingine. Jina la aliyekupa habari usiliandike, wala kwenye simu. Likariri.