Jinsi ya kubadilisha westi ya sinki la bafuni kwenye nyumba ya zamani

Nyumba nyingi za zamani hapa Dar es Salaam bado zina sinki za kauri nzito, zenye westi, yaani kile kipande cha tundu la kutolea maji chini ya sinki, ya shaba iliyopakwa kromu. Maji ya kisima yenye chumvi huila ile nati ya chini polepole, mpaka siku moja unakuta sakafu imelowa. Usikimbilie kununua sinki jipya. Kauri ile ni imara. Kilichokufa ni westi tu.

Weka ndoo chini, fungua kwa mkono nati za trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, uishushe. Kama bomba linaloingia ukutani ni la chuma, usilizungushe hata kidogo, maana likiwa limeoza litakatikia ndani ya ukuta, na hapo kazi ndogo inageuka ya kubomoa.

Sasa nati ya westi. Hapa ndipo sinki nyingi hupasuka, kwa sababu mtu anaikaba kwa spana ya bomba na kuvuta kwa nguvu zote. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, usubiri nusu saa, ujaribu kwa utaratibu. Ikigoma, ikate. Toa wembe wa msumeno wa chuma kwenye fremu, zungushia kitambaa upande wa kushika, kata nati kwa mshazari bila kugusa kauri. Ukiikata karibu kuimaliza, chomeka bisibisi bapa kwenye mkato na uipindue, utasikia "tak!" nati imeachia. Nyundo iache kwenye boksi.

Sukuma westi itoke kwa juu. Kwangua uchafu na gundi ya zamani kwa kipande cha mti, kausha kabisa.

Dukani nenda na westi ya zamani mkononi. Ya sinki la kunawia kwa kawaida ni inchi moja na robo; ya jikoni ni inchi moja na nusu. Angalia pia kama sinki lako lina kitundu cha juu cha kupunguzia maji. Kama kipo, nunua westi yenye matundu ubavuni, na wakati wa kufunga uyaelekeze kwenye njia ya maji ya kitundu hicho.

Paka silikoni chini ya mdomo wa westi, iteremshe, weka washa ya mpira kwa chini, kisha nati. Kaza kwa mkono, umalizie na spana robo mzunguko. Futa silikoni iliyotoka, rudisha trapu, uache ikauke hadi kesho.

Kujaribu, jaza sinki pomoni uyaachie maji yote kwa mkupuo, kisha pitisha tishu kavu kwenye kila nati. Tishu ikilowa, ongeza mkazo kidogo. Ikiendelea kulowa, fungua uangalie washa: mara nyingi imekaa upande.