Somo: Hamira ya bia nyeusi kwa sisi tunaopikia kwenye joto la Dar

Wakuu habari za muda huu. Nimeulizwa sana kuhusu hamira ya kupikia bia nyeusi nyumbani, hizi stauti, nikaona bora niandike mara moja. Kikubwa ninachotaka mshike ni hiki, hapa Dar usianze na ladha, anza na joto la chumba chako.

Hatua ya kwanza, pima. Chukua chupa ya maji, tumbukiza temometa, iache pale pale utakapoweka ndoo, isome asubuhi, saa nane mchana na usiku kabla hujalala. Mimi niko Tabata, Januari chumba kinafika nyuzi 31 na usiku hakishuki kivile. Na hamira ikishaanza kazi inatoa joto lake yenyewe, kwahiyo ndani ya ndoo ongeza nyuzi 3 mpaka 5 juu ya hapo.

Hatua ya pili ndo kuchagua. SafAle S-04 ni hamira ya Kiingereza, kwa stauti naipenda kuliko zote, inaacha utamu kidogo, bia inajaa mdomoni, na ikimaliza inatulia chini ya ndoo kama tope zito, ila ili ikupe hayo inataka nyuzi 18 mpaka 20. US-05, nayo ni hamira ya SafAle, ladha yake ni safi, inakula sukari zaidi kidogo, bia inakauka na ule uchungu wa kimea kilichokaangwa unasikika vizuri. Kama huna namna ya kupoza kabisa basi tafuta hamira inayoitwa kveik, ile ya Voss, asili yake Norwei, hii nyuzi 35 mpaka 40 ndo raha yake, siku chache tu imemaliza, inaleta kaharufu ka chungwa ambako na ladha ya kahawa ya stauti vinaelewana.

Msidanganywe kwamba bia nyeusi inaficha makosa. Ndoo yangu ya kwanza niliweka S-04 mwezi wa pili bila kupoza, siku ya pili povu likasukuma mfuniko likamwagika mpaka sakafuni, nikafurahi nikijua mambo yameiva, wiki ya tatu nafungua inanuka thina ya rangi. Lita 20 zote nikamwaga, iliniuma sana.

Hatua ya tatu, kuamsha hamira. Pakiti ya gramu 11.5 inatosha lita 20 za bia ya kawaida, kama ni kali, yaani haidromita (kile kipimo kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari) inasoma 1.075 kwenda juu kabla ya kuweka hamira, weka mbili. Chemsha maji kikombe kimoja, yapoe mpaka nyuzi 30 hivi, nyunyiza hamira juu usikoroge, baada ya dakika 15 utaona imeloa imekuwa kama uji mwepesi, hapo koroga taratibu umimine kwenye maji ya kimea yaliyopoa.

Kupoza: ndoo ndani ya beseni kubwa la kufulia, maji mpaka nusu, ivalishe fulana ya pamba iliyoloa, tumbukiza chupa za lita 1.5 zilizoganda, badilisha asubuhi na jioni. Siku 3 za mwanzo usizembee hata kidogo, harufu mbaya nyingi zinazaliwa hapo.

MASWALI

Mkuu hamira ya maandazi haifai?
Inachachusha, ni jamii ile ile, Saccharomyces cerevisiae, lakini ilichaguliwa kuumua unga. Haitulii chini vizuri, bia inabaki na ukungu na ladha ya mkate. Mimi siishauri.

Nataka ile stauti tamu ya maziwa, hamira yake ni ipi?
Dada, ule utamu hautoki kwenye hamira, ni sukari ya maziwa, laktozi, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila. Tumia S-04, weka gramu 300 mpaka 500 kwa lita 20 wakati unachemsha. Mgeni ambaye tumbo lake linakataa maziwa mwambie kabla hajanywa.

Kaka nimetumia kveik, leo siku ya nne povu limekata, naweza kujaza chupa?
Hapana, povu lisikudanganye. Pima na haidromita leo, pima tena baada ya siku 2, namba ikiwa ile ile ndo ujaze. Ikiwa bado inashuka iache kwenye ndoo, ukiwahi chupa zinapasuka na vioo vinaruka chumba kizima.