Jinsi ya kujua maji ya shehia yanaishia wapi

Mwongozo huu ni wa kamati za maji, hasa huku Pemba, zinazotaka kuingia kikaoni na ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) zikiwa na hesabu mkononi. Nimeuandika baada ya kukaa na kamati moja Wilaya ya Wete: daftari limejaa, hesabu haziingiani.

1. Chagueni mifereji mitatu ya kuchotea maji: karibu na tangi, mlimani, na mwisho wa bomba. Andikeni saa maji yanapoanza na yanapokatika. Tumieni daftari la karatasi. Kwenye kundi la WhatsApp taarifa humezwa na salamu na mialiko ya harusi.

2. Wekeni safu ya sababu. Pampu zinataka umeme, na tangu 2010 Pemba imeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari. "Umeme haupo" na "umeme upo, maji hayaji" ni kesi mbili. Msimbebeshe fundi wa maji zote.

3. Maji yanayopotea. Chukueni uniti zilizosukumwa kwa mita kuu, toeni zilizosomwa kwa wateja, gawanyeni kwa zilizosukumwa. Hapa ndipo watu hukesha. Tuseme mita kuu imesomwa kwa siku 30: uniti 900. Wateja wote kwa pamoja wanatumia uniti 20 kwa siku, kwa hiyo mngepata 600, na upotevu ni asilimia 33. Lakini msomaji mita akichelewa siku kumi, zitaandikwa 800, na upotevu utaonekana asilimia 11. Hakuna bomba lililozibwa; ni tarehe tu. Basi gawanyeni kila usomaji kwa siku zake kwanza, ndipo mlinganishe. Nyumba zisizo na mita, pamoja na misikiti na skuli, zikadirieni kando na muandike wazi kuwa ni makadirio; mkiziacha, maji yao yatahesabiwa yamevuja. Na mita kuu ikiwa imekufa, msizidishe saa za pampu kwa namba iliyoandikwa kwenye kibati chake. Pampu kuukuu haitoi kiasi hicho. Pimeni kwa muda inavyojaza tangi mnalojua ujazo wake, mkiwa mmefunga koki ya kutolea.

4. Kila bomba lililopasuka: tarehe ya kuripoti, tarehe ya kutengenezwa.

5. Barua iende ZAWA, nakala kwa sheha. Wasipojibu, pelekeni ZURA (mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar), na muambatishe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.