Kuwasha biri kwa kibanzi cha mwerezi, na wakati wa kutumia njiti au gesi

Sigara ya kawaida imefungwa kwa karatasi inayoshika moto papo hapo. Biri, au cigar kwa Kiingereza, ni majani ya tumbaku matupu: kiini cha majani yaliyokunjwa, jani la kufungia kiini hicho, na jani la nje ambalo ndilo jembamba kuliko yote. Kila tabaka lina unene na unyevu wake, kwa hiyo hayawaki kwa kasi moja. Kazi ya anayewasha ni kuhakikisha duara lote la ncha limeshika moto kabla hajaanza kuvuta sawasawa. Chombo chochote kinachopeleka joto la kutosha, pole pole, bila kuacha harufu ya mafuta, kinafaa. Kibanzi cha mwerezi, yaani kipande chembamba kilichopasuliwa kutoka mbao zake, kinatimiza hayo vizuri sana mikononi mwa mtu asiye na haraka. Mwenye haraka, heri atumie gesi.

Mti na vibanzi vyake

Mwerezi unaozungumzwa hapa si ule wa Lebanoni. Ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani, ulio katika ukoo mmoja na mahogani. Mbao zake ndizo zinazotengenezea makasha ya biri na kutandikwa ndani ya masanduku ya kuhifadhia, kwa kuwa zinastahimili unyevu na wadudu hawazipendi. Tangu 2020 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa zaidi chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotupa vile vibao vyembamba vinavyotenganisha safu za biri ndani ya kasha. Hakuna malighafi nzuri ya vibanzi kuliko hiyo.

Wapo wanaoapa kwamba mwerezi huipa biri ladha ya pekee mpaka mwisho. Harufu yake utaisikia kweli katika pafu mbili tatu za kwanza, kisha tumbaku inaifunika. Faida kubwa ya kibanzi iko kwenye moto wake: ni wa manjano, ni mpole, na unaweza kuukuza au kuupunguza kwa kuinamisha mkono tu. Anayetafuta ladha atavunjika moyo. Anayetafuta ncha iliyowaka duara zima atafurahi.

Pasua kibao kwa kisu kikali cha kukatia karatasi na rula ya chuma, ukifuata nyuzi za mbao. Upana uwe milimita 8 hadi 10, urefu sentimita 15 hadi 20, unene usizidi milimita moja. Ukikata kukingama nyuzi, kibanzi kitakatika kikiwa kinawaka na kipande chenye moto kitaanguka mapajani. Kibanzi chembamba kuliko milimita 6 huisha kabla hujamaliza kupasha. Kipana kuliko 12 hutoa moto mkubwa usiozuilika.

Tupa sehemu yoyote yenye wino, gundi, vanishi au matone ya utomvu. Utomvu wa mwerezi hutokeza kama madoa yanayonata; ukiungua hutoa moshi mweusi, na masizi yake yanaganda moja kwa moja kwenye tumbaku.

Kisha vikaushe. Vibao vilivyotoka kwenye kasha lenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 vimenyonya maji, na hili ndilo kosa linalowafanya wengi waseme mwerezi ni usumbufu. Viache wazi chumbani siku moja au mbili, na baada ya hapo usivirudishe pamoja na biri. Kibanzi kibichi utakijua kwa moshi mweupe na kwa kuzimika kila unapokiinua.

Andaa vibanzi vitatu. Biri ya aina ya robusto, fupi na nene, yenye kipimo cha unene cha 50 (yaani 50/64 ya inchi, karibu milimita 20), kwa kawaida hutumia viwili. Yenye kipimo cha 60, karibu milimita 24, hutumia vyote vitatu.

Hatua kwa hatua

1. Kata kichwa cha biri, upande wa kinywani, milimita 2 hivi tu. Vuta hewa kabla ya moto wowote. Ikiwa hewa haipiti kwa urahisi, ikandekande taratibu kwa vidole mahali unapohisi pamekaza. Biri iliyoziba haitawaka vizuri hata uiwashe kwa kitu gani.

2. Zima feni, funga dirisha lililo karibu, kaa mbali na mapazia. Weka mbele yako kisahani cha majivu cha chuma au kauri, na maji kidogo pembeni. Kibanzi kinachowaka ni moto wa kuni mkononi mwako, na kinadondosha vipande vya kaa.

3. Washa kibanzi kwa mshumaa au njiti. Ukiinamishe ncha ikielekea chini mpaka moto ushike sentimita mbili hivi, halafu ukinyooshe kilale, sambamba na sakafu. Subiri sekunde mbili tatu moshi wa kwanza upite.

4. Jaribu pembe kabla hujaisogeza biri. Ncha ikiwa chini, moto unapanda kwa kasi kuelekea vidole vyako. Ncha ikiwa juu, moto unapungua hadi kuzimika. Kilale, au ikiinuka kidogo sana, ndiyo hali ya kufanyia kazi. Hapo kibanzi cha sentimita 15 kinakupa kama nusu dakika hadi dakika moja.

5. Pasha ncha. Shika biri kwa mkono wa pili, ikiinama nyuzi 45, ncha ya kuwashia ikiwa sentimita 2 au 3 juu ya moto. Moto usiguse tumbaku. Izungushe taratibu bila kusimama, ukianzia ukingoni palipo na jani la nje, kisha uje katikati. Usiitie kinywani bado. Baada ya sekunde 15 hadi 30 utaona ukingo umekuwa mweusi kwa utepe mwembamba, na moshi mwepesi unapanda kutoka sehemu zote za ncha. Sehemu ambayo bado ina rangi yake ya awali haijapata joto, irudie.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye thamani zaidi. Kupasha kunaondoa unyevu wa milimita chache za mwanzo, hivyo moto utakapofika utakuta majani yote yako tayari kwa kiwango kimoja. Anayeweka biri kinywani na kuvuta moto moja kwa moja huwasha kiini, kwa kuwa hewa inapita humo, huku ukingo ukibaki nyuma.

6. Washa kibanzi cha pili kutokana na cha kwanza kabla hakijaisha. Sasa weka biri kinywani, moto uwe sentimita moja mbele ya ncha na chini yake kidogo, uvute polepole. Utaona moto unainama kuelekea tumbaku wakati unavuta na kurudi unapoacha. Zungusha biri robo mzunguko kila baada ya pafu moja. Pafu nne zinatosha kufunika duara zima. Moshi ukae kinywani, usiuteremshe kifuani.

7. Toa biri kinywani, igeuze, uipulizie ncha kwa upole. Kaa litang'aa rangi ya chungwa. Penye doa jeusi hapajawaka: pasogezee moto kwa sekunde mbili bila kuvuta, kisha pulizia tena.

8. Zamisha kibanzi kwenye maji au kikandamize kisahanini. Usikipunge hewani, kwani cheche za mwerezi huruka.

9. Iache biri itulie kama dakika moja. Baada ya hapo pafu moja kwa dakika inatosha.

Njia nyingine, na ninavyoziona

Njiti ndefu za mbao ndizo zinazokaribia mwerezi. Moto wake ni uleule wa mbao, ila kichwa cha njiti kina potasiamu klorati na salfa, na hizo zikiungua karibu na tumbaku utazionja. Washa, subiri kichwa kiteketee chote, ndipo usogeze. Tumia njiti mbili kwa pamoja ili mwali uwe mpana. Njiti fupi za kawaida zitakuunguza vidole kabla hujamaliza kupasha, na njiti za nta zisitumike kabisa.

Laita ya gesi ya butani yenye mwali laini wa manjano ndiyo ningempa mtu anayejifunza. Butani iliyosafishwa vizuri haiachi ladha, mwali haukatiki katikati ya kazi, na mbinu ni ileile: sentimita 2 au 3, zungusha, usiguse. Udhaifu wake ni upepo, sawa na mwerezi.

Laita ya mwali mkali wa buluu ni habari nyingine. Humo gesi huchanganywa na hewa kabla ya kuwaka, kwa hiyo joto hukusanyika mahali padogo na kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Nje penye upepo ndiyo pekee inayofaa. Tatizo ni kwamba mchana ncha ya mwali huo haionekani vizuri, na watu huisogeza karibu mno bila kujua. Ishike sentimita 5 hadi 8 mbali na uichezeshe kwa miduara. Usiulenge mwali mahali pamoja hata kwa sekunde mbili. Ncha iliyogeuka makaa meusi yanayomeguka imeungua, na uchungu wake utakufuata kwa sentimita kadhaa.

Laita za gesi zikianza kukohoa au kuzimika, mara nyingi kuna hewa iliyonaswa ndani ya tangi. Punguza kirekebishi cha mwali hadi mwisho, bonyeza vali kwa bisibisi ndogo mpaka mlio wa gesi uishe, ukiwa mbali na moto wowote. Igeuze laita chini juu, ujaze kwa kubonyeza kopo wima juu yake, kisha isubiri dakika kadhaa. Gesi inayoingia huwa baridi, na laita baridi haiwaki vizuri.

Laita ya petroli yenye utambi isiwekwe karibu na biri: harufu ya mafuta huingia kwenye jani na haitoki. Inaweza kuwashia kibanzi, basi. Mshumaa nao ni hivyo hivyo; nta inayofuka haina nafasi kwenye tumbaku, lakini kwa kuwasha vibanzi kimoja baada ya kingine hakuna kinachoushinda. Laita ya umeme yenye waya unaowaka inalazimisha tumbaku igusane na waya, na duara zima haliwaki kwa pamoja. Sioni sababu ya kuitumia.

Hakuna kati ya njia hizi inayopunguza madhara ya moshi wa tumbaku. Mwerezi ni wa asili, ndiyo, lakini moshi ni uleule.

Mambo yakienda kombo

Upande mmoja ukitangulia, chanzo huwa ni kupasha kusiko sawa au upepo uliopiga upande mmoja. Usivute kwa nguvu ukitumaini utajisawazisha. Shika moto mdogo kwenye upande uliobaki nyuma, kwa sekunde mbili au tatu, bila kuvuta. Hapa mwerezi haufai, mwali wake ni mpana mno. Tumia njiti au laita ya mwali laini.

Ukiona katikati pamechimbika shimo huku jani la nje limesimama kama bomba, kiini kimewaka peke yake. Gonga majivu, pasha ukingo wote upya, na uache kuvuta mpaka ukingo uwake. Ikirudia, jani la nje lina unyevu mwingi na dawa yake ni kuhifadhi biri penye ukavu zaidi kidogo, karibu asilimia 65.

Jani la nje kupasuka karibu na ncha mara tu baada ya kuwasha ni dalili ya joto la ghafla kwenye tumbaku yenye unyevu. Majani ya ndani hutanuka haraka kuliko jani la nje linavyoweza kunyumbuka. Ongeza umbali na muda wa kupasha.

Madoa ya masizi kwenye ncha pamoja na ladha ya moshi wa kuni yanamaanisha ncha ya manjano ya moto wa kibanzi imegusa tumbaku, au kibanzi kilikuwa kibichi au chenye utomvu. Ngoja dakika mbili, kisha puliza hewa nje kupitia biri kwa pafu moja refu kabla ya kuendelea.

Biri ikizimika njiani, gonga majivu yote mpaka uone tumbaku iliyoungua, kisha puliza hewa nje kupitia humo ili moshi uliolala utoke. Pasha ncha kama mwanzo, lakini kwa nusu ya muda, maana majani tayari ni makavu na yatashika haraka. Kibanzi kimoja kinatosha. Ikiwa imelala imezimika kwa zaidi ya saa mbili, lami iliyopoa imeshaifanya iwe chungu na kuiwasha tena ni kupoteza kibanzi.