Kabla hujaomba PIP na simu huwezi kuipiga: mambo ya kuweka sawa mapema

Mdogo wangu alikaa na namba ya simu ya kuombea PIP imebandikwa kwenye friji miezi saba. Miezi saba nakwambia, kila asubuhi anaiona akitoa maziwa, kila asubuhi anajiambia leo napiga, ikifika saa nne mikono inatoka jasho, moyo unaenda mbio, koo limekauka, anaweka simu chini anarudi kulala. Mi naishi mji mwingine hukuhuku Uingereza na nilikuwa sijui kitu, maana kila nikimuuliza ananijibu mambo poa. Na kinachouma ni kwamba PIP hailipi ya nyuma, wanahesabu kuanzia tarehe uliyoomba, kwahiyo ile miezi saba imepotea hivyohivyo na hairudi. Naandika haya kwa ajili ya yule mwenye karatasi kama ile kwenye friji yake leo, au mwenye ndugu anayejibu poa wakati sio poa.

PIP, yaani Personal Independence Payment, ni mafao ya mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, wa mwili au wa akili, na wasiwasi uliopitiliza umo humo. Ilianza 2013 kuchukua nafasi ya DLA, mafao ya ulemavu ya zamani, kwa watu wazima. Haiangalii una hela kiasi gani wala kama unafanya kazi, inaangalia ugonjwa unakuzuia nini. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 sehemu ya maisha ya kila siku ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki au 110.40 kwa kiwango cha juu, na ya kutembea na kusafiri ilikuwa 29.20 au 77.05. Uko Scotland hii sio yako, huko kuna Adult Disability Payment chini ya Social Security Scotland. Na kama umeshafika umri wa pensheni ya serikali unaomba Attendance Allowance.

Kitu cha kwanza kabisa kabla hujagusa chochote, angalia karatasi zako za uhamiaji. Kama viza yako imeandikwa huruhusiwi kutumia public funds, yaani mafao ya serikali, basi usiombe kwanza, PIP inahesabika humo na inaweza kukuharibia huko mbele, kaa na mshauri wa uhamiaji anayetambulika ndo uamue. Alafu kuna sharti la kuwa umeishi Uingereza angalau miaka miwili katika mitatu iliyopita, ila mtu aliyepewa hadhi ya ukimbizi sharti hilo halimhusu, na wengi wetu tuliotokea Congo au Burundi hatuambiwi hili, mtu anakaa anasubiri miaka miwili iishe bure.

Sasa simu. Watu wengi wanaamini bila kupiga wewe mwenyewe hamna maombi, na sio kweli. Mtu mwingine anaweza kukupigia, ndugu, rafiki, sosho woka, mtu wa msikitini au kanisani unayemwamini, sharti la DWP, idara ya serikali inayolipa PIP, ni kwamba wewe uwepo pale anapopiga. Watataka kuhakikisha ni wewe na kwamba umekubali, kwahiyo jiandae kwa sentensi moja au mbili tu, jina lako, tarehe ya kuzaliwa, na kwamba unamruhusu aongee kwa niaba yako. Sisi tuliandika hizo sentensi kwa herufi kubwa kwenye karatasi tukaiweka mezani mbele yake, simu kwenye spika, mi naongea, yeye kashika kikombe cha chai. Alitamka zile sentensi mbili kwa sauti ya chini na wakamsikia, ikatosha. Laini ya maombi mapya ni 0800 917 2222, ya bure, Jumatatu mpaka Ijumaa, wanafungua saa mbili asubuhi. Kama Kiingereza ndo kinachoongeza hofu, anayepiga aombe mkalimani wa Kiswahili hapohapo mwanzoni, wanaunganisha mkalimani kwenye simu na hulipii, usimtumie mtoto wako wa miaka kumi akatafsiri magonjwa yako, mtoto anabeba kitu kizito sana.

Mkusanye kabla ya kupiga ili mazungumzo yasivutwe: namba ya National Insurance, namba za benki, jina na anuani ya dokta wako, tarehe ulizolazwa hospitali, na safari za nje ya nchi zilizozidi wiki nne ndani ya miaka mitatu. Hiyo ya safari ndo inayokwamisha watu wetu, mtu alienda Tanga msibani akakaa miezi miwili na tarehe hazikumbuki, toa pasipoti mapema uangalie mihuri.

Na kama hata kukaa pembeni ya simu huwezi, kuna njia ya barua. Unaandika kuomba fomu inaitwa PIP1, unatuma Personal Independence Payment New Claims, Post Handling Site B, Wolverhampton, WV99 1AH. Barua yenyewe mistari mitatu, jina lako, anuani, na kwamba unaomba fomu ya PIP1 kwa sababu ya ugonjwa huwezi kutumia simu. Inachelewesha, lazima niseme ukweli, ila fomu ikija irudishe ndani ya mwezi mmoja ili tarehe yako isogee nyuma mpaka ulipoomba. Kuna maeneo wameruhusu kuomba kwa mtandao, weka posikodi yako kwenye tovuti ya serikali uone kama upo. Na ipo huduma inaitwa Relay UK, unachapa maneno na mtu mwingine anayasoma upande wa pili, imewekwa kwa asiyeweza kusikia au kuongea kwenye simu, na kuna watu wasiwasi ukiwashika sauti haitoki kabisa.

Popote utakapogusa, kwa simu au kwa barua, sema mapema kwamba unahitaji mawasiliano ya maandishi na kwamba kupigiwa simu ghafla kunakuumiza. Sheria ya Equality Act ya 2010 inawataka wafanye marekebisho yanayofaa kwa mtu mwenye ulemavu, na hilo ni mojawapo unaloweza kuomba. Waambie pia una tatizo la afya ya akili na kufuatilia barua ni shida, waliweke kwenye faili lako, maana mtu aliyewekewa alama ya kuhitaji msaada zaidi akichelewesha fomu hawatakiwi kumkata moja kwa moja. Na mwandikie mtu wako barua ya ruhusa yenye sahihi yako kwamba DWP wanaweza kuongea naye, hiyo ni tofauti na kumfanya msimamizi kamili wa mafao yako, usimamizi kamili ni kwa mtu asiyeweza kabisa kuendesha mambo yake na hela inaingia kwa msimamizi, usikimbilie huko kama hujafika huko.

Hapa nakaa kidogo maana ndo watu wanapokosea. Kushindwa kupiga simu peke yake hakuna pointi kwenye PIP. Wanapima shughuli 12, kumi za maisha ya kila siku na mbili za kutembea, unahitaji pointi 8 kupata kiwango cha kawaida na 12 kupata cha juu, na shughuli ya kuwasiliana kwa mdomo inaangalia zaidi kusema na kusikia na kuelewa. Ila ile simu ni mlango, ukiufungua ndani unakuta mengine yote. Yule asiyeweza kupiga simu mara nyingi ndo huyohuyo mlango ukigongwa anazima taa, dukani anaenda usiku kwa mashine ya kujilipia asimkute mtu, miadi ya dokta anaikosa, haogi siku tatu mpaka aambiwe, chakula kinaungua au hapiki kabisa. Hayo ndo yana pointi. Kuna shughuli ya kukutana na watu ana kwa ana, ukihitaji kusukumwa na mtu ni pointi 2, ukihitaji mtu anayekujua na mwenye uzoefu wa kukusaidia akae na wewe ni 4, na ukishindwa kabisa kwa sababu ya dhiki kubwa ya akili ni 8. Huyo mwenye uzoefu anaweza kuwa dada yako tu, Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi juu ya jambo hili 2019. Na kwenye kusafiri, 2017 serikali ilibadilisha kanuni kuwabana wenye matatizo ya akili, Mahakama Kuu mwezi Desemba mwaka huohuo ikasema mabadiliko yale si halali, kwahiyo mtu akikwambia wasiwasi hauhesabiki kwenye sehemu ya kusafiri anakupa habari ya zamani.

Kwahiyo kabla ya fomu ya pili haijafika, ile ndefu ya PIP2 wanayokutumia ukishaomba, chukua daftari uandike wiki mbili. Sio insha, mistari tu. Jumatatu nilishika simu saa nne, sikupiga, nikatapika. Jumanne dada alinipigia mara tatu ndo nikaoga. Uandike ukweli, siku nzuri na mbaya, kwa sababu wanauliza hali ilivyo zaidi ya nusu ya siku, na wanataka iwe imedumu miezi mitatu na itegemewe kuendelea tisa mbele. Na swali sio tu unaweza au huwezi, ni je unaweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudiarudia, na kwa muda usiozidi mara mbili ya mtu mwingine. Ulienda dukani mara moja ukalala siku mbili, andika na hizo siku mbili.

Alafu faili la dokta. Sisi tukienda kwa dokta tunasema kichwa kinauma, moyo unadunda, tumbo linavuruga, usingizi hakuna, na yeye anaandika kichwa, tumbo, usingizi. Miaka mitatu ya faili hamna neno wasiwasi hata sehemu moja, na mpimaji wa PIP akiomba faili haoni kitu. Sikulaumu, nyumbani hatukulelewa kusema nina ugonjwa wa akili, tunasema nina mawazo, na mtu akizidi kidogo ukoo mzima unaanza kuongea majini na kurogwa. Ila kabla hujaomba, pata miadi moja, kliniki nyingi zina fomu ya mtandaoni huhitaji simu, useme wazi kwamba naogopa kiasi cha kushindwa kufanya hiki na hiki, iandikwe. Uliza pia kama wana mtu wa kuunganisha wagonjwa na huduma za jamii, ananusuru wengi na watu hawajui yupo.

Na lingine linalotuponza ni salamu yetu. Hujambo, sijambo. Habari, nzuri. Unaumwa hasa na bado unajibu nzuri tunamshukuru Mungu, ni adabu, tumenyonya na maziwa. Sasa mpimaji anaanza na unaendeleaje leo, wewe unajibu kwa Kiingereza niko sawa asante, na hilo linaweza kuingia kwenye ripoti kama jibu kamili. Fanya mazoezi na mtu nyumbani, jibu jingine la kweli, leo nina hofu sana na dada yuko hapa kunisaidia. Mdogo wangu tulimfanyisha mara nne na mara mbili za kwanza alijibu nzuri bila kujua. Kipimo chenyewe kinaweza kuwa cha simu, video, ana kwa ana au kwa kusoma karatasi tu, omba kwa maandishi ile inayokufaa na ueleze sababu, na una haki ya kuwa na mtu pembeni.

Msaada wa kujaza ni bure. Citizens Advice wana mazungumzo ya kuchapa kwenye tovuti yao, law centre, ofisi za ushauri wa sheria wa bure, zipo miji mingi, kaunsili nyingine zina kitengo cha mafao. Wapo watu kwenye jamii zetu wanaochukua hela kujaza fomu na wanaandika maneno yaleyale kwa kila mtu, mwenye kisukari na mwenye wasiwasi fomu zinafanana, kimbia. Fomu ya PIP2 una mwezi mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, sio siku ulipoifungua bahasha, na mtu mwenye wasiwasi bahasha ya rangi ya kaki anaweza kuiacha mlangoni wiki tatu, kwahiyo mkubaliane mapema nani anazifungua. Mwezi hautoshi, mtu wako aombe muda zaidi kabla haujaisha. Piga picha kila ukurasa, tuma kopi za ushahidi, na posta waombe risiti ya kuonyesha umetuma, haina malipo.

Wakikataa usifunge kitabu, una mwezi mmoja kuomba waangalie upya na hilo linafanyika kwa barua au kwa fomu CRMR1, baada ya hapo kuna mahakama ya rufaa ya mafao kwa fomu SSCS1, zote mbili unaandika, hupigi simu. Na ukipata, ujue kwa kawaida ina tarehe ya mwisho na fomu ya mapitio itakuja. Picha za fomu ya mdogo wangu na lile daftari la wiki mbili nimeziweka kwenye faili la bluu kwangu, pamoja na ile karatasi ya sentensi mbili, siku fomu ya mapitio ikifika tunaanzia hapo.