Chupa mbichi na chupa iliyoiva: ninavyookota vigae pwani

Ukiinama ufukweni zaidi ya dakika tano, lazima atokee mtu akuulize umepoteza nini. Zamani nilikuwa najieleza. Siku hizi nasema "pete", yanakwisha.

Ninachotafuta ni vigae vya chupa, vile vilivyopigwa na bahari miaka na miaka mpaka makali yakafa na mng'aro ukageuka ukungu. Navitoboa, navitia waya, nafanya hereni. Nimezaliwa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, na swali ninaloulizwa kila mara ni ufukwe gani mzuri kwa kazi hii. Jibu langu huwavunja watu moyo: usiende kule kuzuri.

Paje na Jambiani mchanga ni mweupe kama unga, picha utapiga mpaka simu ijae. Vigae hupati. Mwamba uko mbali huko nje, mawimbi yanavunjikia kule kule, na yanayofika pwani yamechoka. Tena huko hapakuwa na mji wa watu wengi wa kuvunja chupa. Kigae kinataka mambo matatu: watu waliotupa zamani, mawe ya kusaga, na maji ya kugeuzageuza. Ufukwe ukikosa moja, usipoteze nauli.

Hata ughaibuni fukwe zinazosifika kwa vigae ni za taka. Seaham, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na kiwanda cha chupa kuanzia 1853 hadi 1921, na mabaki yake yaliishia baharini. Fort Bragg, California, watu wa mji walimwaga taka zao ufukweni kuanzia 1906 hadi 1967. Leo sehemu ya ufukwe huo ni hifadhi na kuokota ni marufuku. Sisi chupa za soda na bia tunazirudisha dukani na kreti lake, kwa hiyo vigae vyetu ni haba. Lakini tuna miji ya zamani iliyokaa juu ya maji. Hapo ndipo pa kwenda: Unguja, kuanzia Shangani kuelekea Forodhani; Mombasa, chini ya Mji wa Kale; Dar es Salaam, kwenye miamba ya Coco Beach, ingawa pale nyingi bado mbichi. Chupa mbichi ndivyo ninavyoiita ile ambayo bado inakata. Iliyoiva unaweza kuifumbata kiganjani bila wasiwasi.

Ukishapata mahali, tafuta siku. Mimi sifungui programu ya simu, natazama kalenda ya Kiislamu ukutani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari huingia bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na bamvua huzidi kukolea siku moja au mbili baada yake. Kwa hiyo siku zangu ni tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo maji hupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4, na kwa pwani yetu maji huwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hayajai vizuri wala hayapwi vizuri, na ukanda unaoutaka umebaki umefunikwa. Kaa nyumbani ufue.

Fika saa tatu, maji yakiwa bado yanatoka, ufuatane nayo kwenda chini. Yakianza kurudi nawe geuka. Mwaka fulani niligeuka nimechelewa, nimeshughulika na shimo moja lenye vigae vya kijani, nikarudi nimelowa mpaka kiunoni na mkoba juu ya kichwa, wavulana wa mitumbwi wananishangilia.

Vaa viatu vinavyofunika vidole. Yeboyebo za mbele wazi hazifai. Kovu la kidole changu cha pili ni la chupa mbichi niliyoikanyaga huku natafuta iliyoiva. Beba mfuko wa wavu, ule wa vitunguu: maji na mchanga vinatoka vyenyewe. Na ukiona mfereji wa maji machafu unamwaga karibu, pita mbali, hata kama hapo ndipo panapong'aa.

Sasa kutafuta kwenyewe. Usitembee mchangani mtupu. Tafuta changarawe, ule ukanda ambao bahari imekusanya vipande vya matumbawe, kombe ndogondogo na vigae vya vyungu. Vitu vya uzito mmoja bahari huviweka pamoja, na kigae cha chupa kimo humo humo. Chungulia pia mashimo ya miamba na penye jiwe kubwa, upande ule ambao wimbi likirudi linapunguza nguvu. Tembea ukilielekea jua. Kigae kikipata mwanga kutoka nyuma kinawaka kama peremende, ilhali jua likiwa mgongoni mwako chote unachoona ni kokoto. Shangani asubuhi jua linatoka upande wa nyumba, basi mimi naanzia majini, napanda juu polepole, nachuchumaa kila hatua tano.

Mchanga wa pwani hii huhama kwa misimu. Kusi ikivuma unasombwa kwenda upande mmoja, kaskazi ikiingia unarudishwa. Ufukwe uliokunyima Juni usiuapize, urudie Januari.

Rangi utakazookota ni nyeupe, kijani na hudhurungi, hasa hudhurungi ya bia. Buluu ni ya kupiga kelele: chupa za dawa za zamani, vikopo vya Vicks vya enzi za kioo. Kipande kinachoonekana cheusi usikitupe kabla hujakiinua juu ukakitazamia mbinguni. Mara nyingi ni kijani nzito ya chupa ya mvinyo. Cheupe chenye zambarau kwa mbali ni cha zamani. Mpaka miaka ya 1910 watengenezaji walitia madini ya manganizi ili kioo kiwe cheupe, na jua likikipiga miaka mingi kinageuka zambarau. Nina kimoja tu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na siuzi. Nina gololi pia, ya kijani, imekwaruzika pande zote. Hiram Codd, Mwingereza, alibuni mnamo 1872 chupa ya soda inayozibwa kwa gololi shingoni, na mimi naamini yangu imetoka kwenye chupa kama hiyo. Dada yangu anashikilia kuwa ni ya mtoto aliyeshindwa mchezo Forodhani.

Ukivinunua badala ya kuokota, angalia ngozi yake kwa lenzi au kamera ya simu. Kilicholiwa na bahari kina vialama vidogo kama kucha iliyokatwa, vimepandana kila upande. Kilichosuguliwa kwenye mashine kina ukungu laini mtupu, na vyote kwenye bakuli vimelingana kama tambi.

Kombe sichukui zenye mnyama ndani. Zile zenye umbo la koni, zenye madoa ya kupendeza, sizigusi kabisa; huyo wa ndani ana mwiba wa sumu unaoweza kuua mtu. Bongoyo na Mbudya, visiwa vya Dar es Salaam, ni hifadhi za bahari, kila kitu kibaki pale. Na karibu na magofu, kama Kaole au Kilwa Kisiwani, ukiona shanga au kigae cha sahani chenye nakshi, tazama, piga picha, kiache. Mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964.

Nyumbani loweka kwenye maji baridi usiku kucha, sugua kwa mswaki uliochakaa na sabuni kidogo, kisha anika kivulini. Usichague vikiwa vimelowa, kila kigae kilicholowa ni kizuri. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi ili ving'ae; mimi naona ni kufuta kazi yote ya bahari.

Kutoboa, tumia ncha ya almasi, kigae kikiwa kimezama ndani ya sahani ya maji, na zungusha bila kukandamiza. Vumbi la kioo likikauka linaingia kifuani, kwa hiyo maji yasikauke, na barakoa ivaliwe. Kumi vya mwanzo vitapasuka vitatu au vinne. Vilivyopasuka usivirudishe pwani, vimeshakuwa vibichi tena; vifunge kwenye gazeti, tia ndani ya kopo la maziwa, ziba, ndipo utupe.