Somo: Kosa la kiwandani au sarafu iliyoumia mtaani?

Habari zenu wanakikundi.

Wiki iliyopita kijana wetu mmoja alinifuata Kariakoo na sarafu ya shilingi mia aliyoinunua kwa elfu themanini. Juu ya uso wa Mwalimu kulikuwa na herufi zilizogeuka, kama unavyoziona kwenye kioo, na muuzaji kamwambia ni kosa adimu la kiwandani. Nilipoitia lenzi haikuchukua hata dakika. Sarafu ile ililazwa juu ya mwenzake ikapigwa nyundo, basi. Elfu themanini kwa mtu anayeishi kwa kibarua ni pesa nyingi. Imeniuma, ndiyo maana leo naandika kwa kirefu.

Ukishika sarafu yoyote yenye kasoro, jiulize swali moja: madini haya yalisogea lini? Yalisogea chini ya mihuri, au baada ya sarafu kutoka kiwandani?

Ili ulijibu, jua kwanza sarafu inavyozaliwa. Bamba la madini hukatwa visahani vitupu. Kisahani huingia ndani ya bangili ya chuma inayokizuia kutanuka, kisha mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu, hukibana kwa nguvu kubwa mara moja. Picha kwenye muhuri imechimbwa ndani, kwa hiyo kwenye sarafu inatokeza juu. Likariri hilo, maana karibu kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Hatua ya kwanza: vifaa. Lenzi ya kukuza mara kumi kama ya masonara, mizani midogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na sumaku. Kilicho muhimu kuliko vyote hakigharimu kitu: sarafu nyingine nzima, ya thamani ileile na mwaka uleule, ya kulinganishia. Taa ikae ubavuni, mwanga wa juu unaficha mabonde. Na tafadhali msisugue sarafu kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Mkisugua mnafuta ushahidi.

Hatua ya pili: mstari umetokeza au umezama? Hapa ndipo wengi wanapopotea, tukae kidogo. Muhuri ukichoka hupata ufa. Madini yakibanwa huingia ndani ya ule ufa, na kwenye sarafu unaona uzi mwembamba *uliotokeza*, mara nyingi ukitambaa kutoka ukingoni na kupita katikati ya herufi. Hilo ni kosa la kweli. Mkwaruzo wa mtaani ni kinyume chake: ni mfereji *uliozama*, na pembeni mwake madini yamesukumwa kama udongo kando ya jembe. Pitisha taa taratibu ukizungusha sarafu, utaona kivuli kinaangukia upande gani.

Herufi iliyokosekana nayo hupimwa hivyohivyo. Grisi ikiziba shimo la herufi kwenye muhuri, herufi haitokei, lakini mahali pake pana usawa na mng'ao uleule wa uwanja unaozunguka. Ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, pamezama kidogo na pana michirizi.

Hatua ya tatu: geuza upande wa pili. Mihuri hupiga pande zote mbili kwa pamoja. Rudi kwenye ile mia ya kijana wetu. Kuna kosa la kweli linaloacha picha iliyogeuka: sarafu iliyokwisha kupigwa hunasa kwenye muhuri, kisha kisahani kipya kinapigwa dhidi yake. Hapo upande mmoja unabeba picha iliyozama na kugeuka, *mahali pa* picha yake ya kawaida, na upande wa pili umepigwa safi. Ile ya nyundo ina picha yake halali, herufi ngeni zimepandishwa juu yake, na nyuma yake pamebabatika.

Hatua ya nne: ukingo. Makonda wetu wanagonga sarafu kwenye bodi za daladala mchana kutwa. Ukingo uliobonyea au kuvimba kwa kugongwa hauna thamani ya ziada. Pengo kama la jino ni jambo jingine. Mashine ya kukata visahani ikipita mahali palipokwisha kukatwa, sarafu hukosa kipande chenye umbo la mwezi mchanga. Tazama ng'ambo ya pengo, upande unaolikabili kabisa: mara nyingi ukingo wa pale huwa hafifu, kwa sababu kisahani hakikubanwa sawasawa ukingo wake ulipokuwa unainuliwa kabla ya kupigwa mihuri. Anayekata kwa msumeno hawezi kuyapunguza madini ya upande wa pili.

Hatua ya tano: mizani. Sarafu iliyolowekwa kwenye tindikali huwa nyembamba, herufi zimelegea pande zote, na uzito umepungua. Iliyopigwa nje ya bangili hutanuka, lakini uzito wake unabaki uleule.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mzee. Shilingi yangu ya 1966 hainaswi na sumaku, ya 1987 inanaswa. Ipi ina kosa?*

Marahaba mwanangu. Zote nzima. Ya 1966 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ya 1987 ni chuma kilichovikwa nikeli, ndiyo maana sumaku inaivuta. Ukikuta ya 1966 inayonaswa, hapo niite.

*Kaka, nina mia ya rangi ya fedha badala ya manjano. Nauziwa kama kosa.*

Mia zetu ni chuma kilichopakwa shaba ya manjano kwa juu. Kisahani kinaweza kuponyoka bila kupakwa, lakini wapo pia wanaoivua rangi kwa tindikali, na wengine wanaipaka rangi nyingine juu. Tazama herufi. Zikiwa kali kama mpya, endelea kuichunguza. Zikiwa zimelainika, na kutu imejaa vishimo, usitoe pesa.

*Naona namba za mwaka mara mbili. Ni muhuri uliochongwa mara mbili?*

Angalia ile namba ya pili. Ikiwa bapa kama ngazi, na imekula unene wa namba halisi, muhuri ulitikisika baada ya kupiga. Hilo ni la kawaida sana. Muhuri wenye picha mbili kwelikweli hutoa namba mbili zenye mviringo kamili, na pembe za herufi zimegawanyika.

*Mzee, babu aliniachia heller 20 za 1916, zile sarafu za enzi ya Wajerumani, zenye herufi T. Mataji hayafanani. Makosa?*

Hapana mjukuu wangu, na hizo zitunze. Zilipigwa Tabora wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na sarafu haziwafikii kutoka kwao. Mihuri ilikuwa ya dharura, ndiyo maana kuna taji kubwa na taji dogo, na herufi L zenye ncha kali au zilizojikunja. Wakusanyaji wanazihesabu kama aina tofauti za sarafu ileile. Zipime, zipige picha pande zote mbili kwa taa ya ubavuni, kisha uzilete tuzitazame pamoja. Usizisafishe.